Kisu Ambacho Sikuwahi Kukishika

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa mwanamume wa miaka hamsini kutoka Montana. Nilikuwa na ndevu, mbwa wa kuwinda na kibanda cha magogo kando ya mto. Kila wikendi nililala porini, na kila Jumatatu niliandika kuhusu visu nilivyotumia huko. Kusema ukweli, nilikuwa msichana wa miaka 23 kwenye bedsita ya Zimmerman, Nairobi, na kisu pekee nilichokuwa nacho kilikuwa cha kukatia sukuma wiki, tena kilichovunjika ncha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna tovuti za Marekani zinazoishi kwa kupendekeza vitu. Msomaji anatafuta kisu kizuri cha porini kwa bei nafuu, anaangukia makala, anabofya kiungo kilicho chini ya picha, ananunua, na mwenye tovuti anapata asilimia yake. Mwenye tovuti hana muda wa kuandika. Anampa kazi mtu wa kati, mtu wa kati anampa mwingine, na mwisho wa foleni kuna mtu kama mimi, ameketi kitandani na laptopu ya mitumba, akilipwa dola 10 kwa maneno 1,500. Maagizo yalikuwa mafupi. Andika kama mtu aliyekitumia. Sema umekaa nacho miaka miwili. Taja mvua. Usiseme ubaya mwingi, maana ubaya hauuzi.

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, uhandisi wa mitambo. Baba alipoachishwa kazi ada ilitushinda, nikasimamisha masomo kwa muda. Muda huo haujaisha hadi leo. Kwa hivyo dola 10 zilikuwa pesa, na mimi nilikuwa na mkono mwepesi. Nilisoma maoni ya wanunuzi, nikasoma makala nyingine kumi zilizoandikwa na watu ambao nahisi walikuwa kama mimi, nikazichanganya zote, nikaongeza mbwa na mvua. Visu zaidi ya 40 vilipita mikononi mwangu namna hiyo, yaani bila kupita.

Makala moja niliipenda kuliko zote. Ilihusu kisu kikubwa cheusi chenye meno ya msumeno mgongoni na mpini wa bomba lililo wazi ndani. Unafungua kifuniko cha nyuma, chenye dira ndogo, na ndani unakuta viberiti, ndoano ya samaki na uzi. Umbo hilo lilipata umaarufu mwaka 1982 kupitia filamu ya First Blood, ile ya Rambo. Kisu cha filamu kilitengenezwa na fundi hodari wa Marekani, Jimmy Lile, lakini vilivyofuata ni nakala za bei ya chini zisizo na idadi. Mimi niliandika kwamba ni duka zima mkononi. Niliandika kwamba nilipasua nacho kuni usiku mzima wa baridi na hakikutikisika.

Makala ilipotoka nilimtumia mdogo wangu kiungo kwa WhatsApp. Nilitaka tu aone kwamba dada yake anasomwa Marekani.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 19. Nyumbani kwetu ni Njabini, Kinangop, ambapo wapandaji kutoka Nairobi huja wikendi kupanda Elephant Hill, kilele cha Aberdare chenye zaidi ya mita 3,500. Njia inaanzia kituo cha misitu, inapita kwenye mianzi na matope yanayomeza kiatu, kisha inatokea kwenye upepo. Yeye na vijana wenzake walikuwa wamejipa kazi ya kubebea wageni mizigo, na kwa wale wanaolala, kupiga hema na kuwasha moto kwenye shamba la jirani, nje ya msitu. Msimu ukiwa mzuri, alikuwa akimletea mama pesa nyingi kuliko mimi.

Siku moja alikuja Nairobi kununua kamba na turubai. Jioni akanipigia simu kutoka mjini.

"Dada, nimeona kile kisu chako. Cha msumeno. Wanasema elfu moja mia tano. Ni hicho uliandika ni moto?"

Pengine hakikuwa hichohicho, kilitoka kiwanda kingine. Lakini umbo lilikuwa lilelile, bomba lilelile, dira ileile. Nilikuwa na makala ya kumaliza kabla ya saa nne usiku.

"Ndiyo, hicho. Chukua," nikamwambia.

Kilivunjika mwezi wa Aprili, wakati wa mvua ndefu. Wageni walikuwa wamerudi kutoka mlimani wakitetemeka, na kuni zote zilikuwa zimelowa. Mtu aliyekulia Kinangop anajua cha kufanya hapo: kuni iliyolowa nje huwa kavu ndani, kwa hivyo unaipasua na kutumia moyo wake. Shoka lilikuwa nyumbani, na panga alikuwa nalo mwenzake kule chini. Akachukua kipande cha mkaratusi, akaweka kisu juu yake, akaanza kugonga mgongo wa kisu kwa gogo, kama mwanamume wa Montana alivyosema inawezekana usiku mzima. Pigo la tatu au la nne, bapa lilichomoka kwenye mpini. Mkono wake wa kulia, uliokuwa ukisukuma kwa nguvu, ukateremka juu ya makali.

Kano mbili zilikatika, za kidole cha pete na kidole cha mwisho. Daktari alizishona, lakini hadi leo vidole hivyo havikunjiki vizuri. Watu hudhani kidole cha mwisho ni cha mapambo. Jaribu kushika panga au jembe bila hicho na jirani yake, utaona nguvu ya mkono inatoka wapi.

Nilifika hospitalini asubuhi yake kwa matatu ya kwanza. Alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, mkono umefungwa hadi kwenye kiwiko. Hakunilaumu. Aliuliza tu.

"Si ulisema umekitumia miaka miwili?"

"Niliambiwa niandike hivyo."

"Lakini ulikuwa umekishika?"

"La."

Akaangalia sakafu muda mrefu, kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

Mama alikiokota kile kisu, akakileta nyumbani ndani ya karatasi ya nailoni. Nilipokitazama nilielewa kwa dakika moja kitu ambacho sikukielewa kwa maneno 1,500. Bapa la sentimita 15 lilikuwa na mkia mfupi wa chuma, mrefu kama kiungo kimoja cha kidole gumba, mwembamba kama skrubu, na kwa kweli ulikuwa skrubu. Huo mkia ndio uliokuwa umeshikilia kila kitu, kwa nati moja na gundi kidogo, mdomoni mwa bomba. Ukigonga kisu cha aina hiyo, nguvu yote inakusanyika hapo kwenye mkia. Nafasi ya viberiti na uzi wa samaki ilipatikana kwa kuondoa chuma kilichopaswa kuwa ndani ya mpini. Yale meno ya mgongoni nayo yalifanya kila pigo la gogo likwame na kukipinda kisu upande. Mwaka wa pili nilikuwa nimefundishwa habari za nguvu kukusanyika pale chuma kinapobadilika upana ghafla. Nilifanya mtihani wake na kupita.

Agosti aliniambia anarudi kwa wageni. Mzigo angebeba, hema angepiga, ila alihitaji kisu kingine.

"Safari hii, dada, ushike kwanza."

Nilikuwa na shilingi 3,000 za kisu, si zaidi. Ningeweza kurudi kwenye intaneti, lakini huko nilijua nani anaandika. Nikaenda kutafuta kwa mikono.

Duka la kwanza lilikuwa la vifaa vya safari, ndani ya jumba la kifahari ambapo mlinzi alinitazama mara mbili. Huko ndiko niliposhika kwa mara ya kwanza kisu nilichokuwa nimekiandikia makala tatu: Mora, kile cha Uswidi, kilichopewa jina la mji unaotengeneza visu tangu zamani. Nilishangaa. Kilikuwa kidogo, cha kawaida, na mpini wa plastiki na mpira. Bapa lilikuwa na urefu wa sentimita 10 hivi, halina meno, halina dira. Makali yake yameteremka moja kwa moja kutoka pande mbili, mteremko mmoja kila upande, kwa hivyo hata asiyejua kunoa anaweza kulaza mteremko huo juu ya jiwe na kusugua. Chuma chake hakipiti hadi mwisho wa mpini, lakini kinaingia ndani sana, kupita nusu yake, na plastiki imemiminwa kukizunguka. Marekani watu hukinunua kwa dola 20 hivi. Kikishavuka bahari na kulipiwa ushuru, bei niliyotajiwa ilinizidi. Nikakirudisha taratibu. Kama una hizo pesa, huna haja ya kuendelea kusoma, kinunue.

Duka la pili lilikuwa la jumla, la vyombo vya jikoni na buchari. Hapa nilikuwa na wazo. Katika makala zangu za Montana niliwahi kusoma kwamba wawindaji wa ngozi wa Marekani, wale wa karne ya 19 wanaosifiwa kwa kuishi porini, wengi wao walitembea na visu vya kawaida vya buchari. Kiwanda cha John Russell kule Massachusetts, kilichoanza mwaka 1834, kilipata jina kwa kutengeneza visu hivyo vya kazi. Basi, nikashika kisu cha buchari cha shilingi 450. Chuma chake kilipita kote ndani ya mpini, ukikiona kutoka juu na chini, na misumari mitatu imekibana. Kwa kukata kamba, nyama, vitunguu na kuchonga kijiti, hicho kinatosha kabisa. Tatizo lake ni wembamba. Mgongo ulikuwa wa milimita mbili hivi, na mdogo wangu namjua, kuni zikilowa atagonga tu.

Nilipotoka hapo nilikuwa nimeanza kuwa na maswali yangu mwenyewe. Nitayapanga kwa namna ambayo ningependa mtu anipangie kabla sijasema "chukua".

La kwanza, chuma kinafika wapi ndani ya mpini? Uliza hilo kabla ya bei. Kama kinaonekana pande zote za mpini hadi mwisho, vizuri. Kama kimefichwa, muuzaji akueleze kinafika wapi. Kama mpini ni bomba, rudisha.

La pili, kina urefu na unene gani? Bapa la sentimita 10 hadi 13 linatosha. Upana wa kiganja chako ni kipimo kizuri. Likizidi hapo unajaribu kutengeneza panga, na panga tunayo. Unene wa milimita tatu hadi nne unavumilia kugongwa na bado unakata nyanya. Ukinunua cha milimita sita umenunua patasi.

La tatu, ni chuma gani? Chuma chenye kaboni nyingi hunoleka kirahisi na hushika makali, lakini ukikiacha kimelowa usiku mmoja kinaamka chekundu. Chuma kisichoshika kutu kina kromiamu, angalau asilimia 10 na kidogo, na kinafaa kwa mtu wa pwani, wa ziwani, au mvivu wa kupangusa. Ila maneno "hakishiki kutu" yaliyopigwa muhuri kwenye bapa bila jina la chuma hayasemi lolote kuhusu ugumu. Kijiko pia hakishiki kutu.

La nne, kinashikika kikiwa kimelowa? Mwombe muuzaji maji, lowesha mkono, shika, sukuma. Mahali kidole cha shahada kinapokaa pawe na kizuizi kidogo cha kukuzuia usiteleze kwenye makali. Kwa mdogo wangu swali hili lilikuwa kubwa kuliko mengine yote. Alihitaji mpini mnene, maana vidole viwili vya chini havifungi.

La tano, ala. Weka kisu ndani ya ala, ipindue, itikise. Kikianguka, siku moja kitaangukia mguu wako.

Nikiwa na maswali hayo nilishuka Kamukunji.

Kamukunji huwezi kuisimulia, unaisikia kabla hujafika. Nyundo mia kwa wakati mmoja, watu wanagonga mabati kuwa sanduku, sufuria, jiko, karai. Niliuliza mafundi watatu wanaofua visu, wa nne akanionyesha mzee aliyeketi ndani zaidi, miguu karibu na makaa, akipuliza moto kwa kipulizo cha kuzungushwa kwa mkono.

"Siste, unataka cha kuuzia watalii ama cha kazi?"

"Cha kazi. Cha kupasua kuni kukiwa na mvua."

"Nani atatumia?"

Nikamweleza. Sikupanga kumweleza yote, lakini nilijikuta nimefika hadi kwa Montana. Alicheka kidogo, kisha akaacha. Akaomba kuona ule mkono. Nilikuwa na picha kwenye simu. Akaitazama, akafunga vidole vyake viwili vya chini, akashika nyundo kwa vile vitatu vilivyobaki na kuigongesha hewani mara kadhaa. Akanirudishia simu na kusema atatengeneza mpini wa yai, yaani mnene katikati.

Chuma alichochukua kilikuwa kipande cha springi ya lori, ile ya majani inayobeba gari. Chuma hiki kina kaboni ya kutosha kugeuzwa makali, karibu asilimia 0.6, na kimezoea kupinda na kurudi, ndiyo maana mafundi wa simi wanakipenda. Lakini hakuchukua cha kwanza. Alikuwa na rundo, na vile vilivyotoka kwenye springi iliyovunjika alivisukuma kando. "Kilichovunjika kimoja kina nyufa zingine huzioni," alisema. "Hii gari iligongwa mbele, springi ilikuwa nzima."

Niliketi kwenye mtungi wa rangi mchana wote. Alikifua chuma kutoka unene wa kidole hadi milimita nne hivi, akachora umbo kwa chaki, akakata, akasugua kwa tupa. Kisha ikaja sehemu ambayo chuoni ilikuwa kwenye ratiba ya muhula uliofuata ule nilioondoka. Alikirudisha bapa kwenye moto hadi likawa jekundu la kung'aa, akawa anaigusisha sumaku kuukuu ya spika. Chuma kikipata moto wa kama nyuzi 770 huacha kuvutwa na sumaku. Mzee hakunitajia nyuzi, alisema tu, "Kikiikataa sumaku, ngoja kidogo, sasa kimeiva." Akakizamisha kwenye debe la mafuta. Moshi ukapanda.

"Sasa kipige na tupa."

Nikasugua. Tupa iliteleza kama juu ya kioo. Chuma kilikuwa kigumu.

"Ukiondoka nacho hivi kitapasuka kama kikombe," akasema. Ndipo akakipasha tena, polepole, mbali na moto mkali, hadi sehemu aliyoisafisha ikageuka rangi ya majani makavu. Hapo ugumu unapungua kidogo na uvumilivu unaingia. Kisu cha bei ya chini kikivunjika au makali yake yakijikunja kama bati, mara nyingi ni kwa sababu mtu aliruka mojawapo ya hatua hizi mbili, na hakuna picha ya kwenye simu inayoweza kukuonyesha hilo.

Mpini ulikuwa wa mti mgumu mweusi kidogo, vipande viwili pande zote za chuma, misumari mitatu ya shaba. Kabla ya kunikabidhi alichukua ubao wa kreti, akakiweka juu yake, akagonga mgongo kwa nyundo hadi ubao ukapasuka. Akanipa mimi nifanye vilevile. Mikono yangu ilitetemeka. Nilikuwa nimeandika kitendo hicho mara nyingi, na sikujua kwamba kila pigo unalisikia kwenye meno.

"Na kikivunjika?" nikamuuliza.

"Kikivunjika unarudi. Mimi niko hapa. Yule wa intaneti utampata wapi?"

Kisu kilikuwa shilingi 1,800, ala ya ngozi 600. Nilibaki na nauli na pesa ya jiwe la kunolea.

Nilikifunga ndani ya gazeti, kisha taulo, nikakiweka chini kabisa ya begi. Hili nalo ni jambo la kuchagua vizuri. Kisu cha kambini ni kifaa ukiwa kambini, lakini kikiwa kiunoni kwenye stendi ya matatu saa mbili usiku ni kesi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya ina kifungu cha kumfunga mtu kuanzia miaka saba akipatikana na silaha hatari katika hali inayoonyesha alikusudia uhalifu mkubwa. Kazi ya kumweleza askari kwamba ni ya kuchongea vigingi vya hema usijitafutie. Kifunge, kiweke chini ya mzigo, kitoe ukifika.

Mama alipokiona alikigeuza, akagusa makali kwa kidole gumba, akasema kisu ni kizuri, lakini panga liko pale nje na halijawahi kumkata mtoto wake. Hana makosa. Kisu hiki hakichukui nafasi ya panga wala shoka. Ni cha wakati ambapo vyote viwili viko mbali.

Mdogo wangu alikishika kwa mkono wa kulia, vidole vitatu vikafunga, viwili vikabaki vimelala kando ya ule mpini wa yai. Akachonga kigingi kimoja cha hema, polepole. Akahamishia mkono wa kushoto, akachonga kingine, kibaya zaidi. Akarudisha kulia.

"Umekijaribu?"

"Nimepasua ubao nacho."

"Wewe?"

"Mimi."

Akatikisa kichwa, akaendelea kuchonga. Mwezi wa kumi alirudi kwa wageni. Kisu kimepata madoa ya kijivu, maana alikikatia malimau na hakukipangusa. Nimemwambia akipake mafuta ya kupikia kila akimaliza, anasema ndiyo, hafanyi.

Wiki ileile niliyotoka Kamukunji nilimwandikia mtu wa kati. Nilieleza kwamba makala ya kile kisu cha bomba ina makosa yanayoweza kuumiza watu, na nikajitolea kuiandika upya bure. Alijibu siku hiyohiyo, kwa adabu. Alisema makala hiyo ni kati ya zinazofanya vizuri, mteja hataki iguswe, na kama sina raha na mada ya visu anaweza kunihamishia kwenye magodoro. Nilikaa siku tatu bila kujibu. Kodi ilikuwa inakaribia. Mwishowe nilikataa, na mwezi huo nilikula kwa Fuliza. Sasa naandika vitu vingine, kwa pesa kidogo zaidi, na siandiki "nimetumia" mahali ambapo sijatumia. Si ushujaa. Nimeshindwa tu kuliandika hilo neno, vidole vinakataa.

Makala bado iko. Nimeiangalia leo asubuhi. Ina picha ileile, mbwa yuleyule, na sentensi yangu kuhusu usiku mzima wa baridi, sasa ikiwa na kitufe kipya cha kununulia. Siwezi kuitoa, na jina lililo juu yake si langu.

Hii nimeiweka jina langu. Kama umekuja hapa ukitafuta kisu cha kwenda nacho kambini na huna pesa nyingi, usianze na picha. Shika mpini, muulize anayekiuza chuma kimefika wapi ndani yake, na kama hajui au hataki kukuonyesha, mrudishie.